Frantz Fanon na wagonjwa wa Blida: namna kazi ilikwama, kiisha ikafaulu

Jina la Frantz Fanon, Wakongomani wengi wanalijua juu ya siasa. Aliandika vitabu juu ya ukoloni, na mwezi wa nane 1960 alikuwa Léopoldville, kwenye mukutano wa inchi za Afrika ulioitishwa na Patrice Lumumba. Lakini kazi aliyosomea ilikuwa ingine: alikuwa munganga wa magonjwa ya akili. Katika kazi ile alikutana na swali ambalo jamaa nyingi za Likasi na Mwadingusha wanalijua mpaka leo: mutu akisha kupata wazimu, nani anaongoza maisha yake? Ni munganga, ni jamaa, ao ni yeye mwenyewe?

Fanon alizaliwa tarehe 20 mwezi wa saba 1925 kule Fort-de-France, kwenye kisiwa cha Martinique, koloni ya Ufaransa. Akiwa kijana aliingia katika jeshi la Wafaransa waliopigana na Hitler, akaumizwa vitani mwaka 1944. Kiisha vita akasoma unganga katika muji wa Lyon, akamaliza 1951.

Mwaka uliofuata alienda kufanya kazi Saint-Alban, hospitali ya wagonjwa wa akili huko kijijini Ufaransa. Mukubwa wake pale alikuwa François Tosquelles, munganga aliyekimbia Hispania kiisha vita ya kule. Tosquelles alifundisha kwamba hospitali yenyewe inaweza kuwa na ugonjwa. Mutu akifungiwa, akilishwa, akiamuriwa kila kitu kuanzia asubuhi mpaka usiku, hata nguvu kidogo iliyobaki ndani yake inalala. Juu ya ile, wagonjwa wa Saint-Alban walikuwa na klabu yao, walifanya mikutano, waliandika gazeti lao na walifanya kazi ya mikono.

Mwezi wa 11 mwaka 1953, Fanon akafika Algeria, kwenye hospitali ya Blida, karibu na muji wa Alger. Ilikuwa wakati wa ukoloni. Wanganga wakubwa wa Alger, wakiongozwa na Antoine Porot, walikuwa wanafundisha kwamba Mualgeria ana akili ya chini na ugomvi wa kuzaliwa. Fanon alikataa fundisho lile kabisa. Alipewa wanawake Wazungu 165 na wanaume Waislamu 220.

Akaanza na mambo aliyojifunza Saint-Alban: mikutano ya wagonjwa, sikukuu, sinema, gazeti la hospitali, mafundi wa kushona na kusuka. Kwa wanawake Wazungu mambo ilienda vizuri na haraka. Walianza kuongea, kupanga sikukuu wao wenyewe, na kelele ya ugomvi ikapunguka.

Kwa wanaume Waislamu, kazi ikakwama. Kwenye mikutano walinyamaza. Kusuka walikataa. Gazeti hawakulisoma. Miezi ikapita, hakuna kitu. Ingekuwa rahisi kusema, sawa vile Porot alisema, kwamba watu wale hawawezi. Fanon na munganga kijana Jacques Azoulay walifanya ingine: walitafuta kosa katika mupango wao wenyewe. Mwaka 1954 wakaliandika wazi, wanganga wote wasome.

Kosa lilikuwa rahisi kuonekana mara walipoangalia vizuri. Kusuka, kwa wanaume wale, ilikuwa kazi ya wanawake. Wengi hawakujua kusoma, basi gazeti lingewasaidia nini? Sikukuu zilikuwa za Wakristo. Munganga hakujua luga yao, kila neno lilipita kwa mutu wa kutafsiri. Mupango ulikuwa muzuri, lakini ulitolewa fasi ingine na kuwekwa pale bila kuuliza wenye fasi.

Wakageuza. Wakafungua nyumba ya kunywa kahawa sawa ile ya vijijini, wanaume wanakaa na kuongea. Sikukuu za Kiislamu zikafanywa. Mutu wa kusimulia hadisi akaitwa. Wakulima wakapewa majembe na shamba, vijana wakapata kiwanja cha mupira. Hapo wagonjwa wakaanza kuamuka.

Mwisho wa 1954 vita ya uhuru ikaanza Algeria. Fanon akatunza watu walioteswa, na hata polisi waliowatesa. Mwisho wa 1956 akaacha kazi, na mwezi wa kwanza 1957 serikali ya koloni ikamufukuza.

Akaenda Tunis. Pale, katika hospitali Charles-Nicolle, akafungua kitu kilichokuwa kipya katika Afrika: hospitali ya mchana tu. Mugonjwa anafika asubuhi, anapata dawa, chakula, mazungumuzo na kazi, kiisha jioni anarudi kwake. Fanon alikuwa ameona kwamba hata Blida, na kahawa yake na mupira wake, ilibaki kijiji cha kuigiza ndani ya ukuta. Magumu ya kweli ya mugonjwa iko nyumbani: bibi, bwana, jirani, mukubwa wa kazi, feza. Akirudi kila jioni, anajifunza kupambana nayo siku kwa siku, na kesho yake anaileta kwa munganga.

Fanon hakukataa dawa. Alizitumia, hata umeme wa kichwa alitumia, sawa wanganga wengi wa wakati ule. Lakini kwake dawa ilikuwa ya kumusimamisha mutu. Kutembea ni mutu mwenyewe.

Mwaka 1961 ulikuwa muzito. Tarehe 17 mwezi wa kwanza, Lumumba akauawa hapa Katanga, na Fanon akaandika juu ya kifo kile. Yeye mwenyewe alikuwa tayari na kansa ya damu. Akafariki tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka 1961, Marekani, na miaka 36 tu. Alizikwa katika udongo wa Algeria. Hospitali ya Blida leo inaitwa jina lake.

Siku hizi, katika inchi mbalimbali, kuna mipango ya kumufundisha mugonjwa wa akili kujiongoza: kujua dalili zake mapema, sawa kukosa usingizi siku kazaa, kuandika nani aitwe hali ikiharibika, kuchagua kazi anayoweza, kukutana na wengine waliopita njia ile. Mutu wa Haut-Katanga anaweza kufikishwa Lubumbashi, kwenye kituo Joseph Guislain cha Mabruda wa Charité, kwa matunzo. Lakini kiisha matunzo anarudi nyumbani. Kama alikuwa muvuvi wa ziwa Tshangalele ao mulimaji wa kando ya Lufira, mupango wowote utakaoletwa kwake unapaswa kuanza na nyavu yake na jembe lake, na kumuuliza yeye kwanza. Wanaume 220 wa Blida walionyesha ile kwa kunyamaza tu.