Higaonna Kanryo na jina la karate

Higaonna Kanryo alizaliwa mwaka 1853 mjini Naha, kisiwani Okinawa, katika familia ya wauza kuni. Akiwa kijana alivuka bahari hadi Fuzhou, Uchina, akajifunza sanaa ya mapigano kwa miaka kadhaa. Aliporudi alifundisha vijana wa kwao. Mmoja wao, Miyagi Chojun, ndiye aliyeanzisha mtindo wa Goju-ryu.

Mimi, mwanafunzi wa isimu, navutwa zaidi na neno karate. Zamani liliandikwa kwa alama zenye maana ya mkono wa Uchina. Katika miaka ya 1930 alama ya kwanza ilibadilishwa: matamshi yaleyale, maana ikawa mkono mtupu. Anayelisikia tu hawezi kujua kwamba safari ya Higaonna imefutwa humo.