Tom Mboya: Alikosa karo, akajaza wengine ndege

Kila siku maelfu ya vijana hupita Tom Mboya Street jijini Nairobi wakikimbizana na matatu. Uliza mmoja huyo Mboya alikuwa nani, atakwambia ni yule waziri aliyepigwa risasi. Sawa, lakini huo ni mwisho wa hadithi. Hadithi yenyewe iko huku kwetu ziwani.

Ukitoka Sori, fuata barabara ya kando ya ziwa, pitia Magunga na Sindo hadi Mbita, kisha uvuke daraja uingie kisiwa cha Rusinga. Huko utakuta jumba lenye umbo la risasi. Si kasri la sultani kama yale ya Zanzibar. Ni kaburi la Mboya, na ndani kuna picha za maisha yake.

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, mbali kabisa na ziwa, kwenye shamba la mkonge Kilima Mbogo karibu na Thika. Wazazi wake walikuwa watu wa Rusinga. Baba alikwenda huko kutafuta kazi. Kijana alisoma mpaka Mang'u. Mwaka 1947 masomo yakakatika. Hakufeli mtihani, wazee. Karo ilikosekana, basi.

Sisi tulioachia chuo njiani tunajua hiyo kitu inavyouma. Mboya alitafuta kozi ya kumpa riziki haraka, akasomea ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Mshahara wake ulikuwa mdogo mno kuliko wa Mzungu wa kazi ileile. Siku moja akiwa maabara akipima maziwa, mama wa Kizungu aliingia, akaangaza huku na huku, akauliza kama kuna mtu humo. Mboya alikuwa amesimama mbele yake.

Akageukia vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23, alikuwa tayari katibu mkuu wa shirikisho lao nchini. Mwaka 1955 aliwasaidia makuli wa bandari ya Mombasa waliogoma kupata nyongeza, kisha akaenda kusoma Ruskin College, Oxford. Mwaka 1957 akaingia bungeni, na Desemba 1958, akiwa na miaka 28, akawa mwenyekiti wa mkutano wa watu wa Afrika yote jijini Accra.

Ila kitu alichofanya mwaka 1959 ndicho kinanigusa zaidi. Kenya ilikuwa inaelekea uhuru, na nafasi za chuo kikuu kwa Waafrika zilikuwa za kuhesabu. Mboya alizunguka Marekani akiomba vyuo vitoe ufadhili, na watu wachange nauli. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakaweka sahihi barua ya kuomba michango. Septemba hiyo ndege ikapaa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata familia ya Seneta John F. Kennedy ikatoa dola 100,000, na kati ya walioondoka mwaka huo alikuwa Wangari Maathai. Kufikia 1963 walikuwa karibu 800. Wengi walirudi kushika kazi ambazo wakoloni waliziacha.

Mboya mwenyewe alikuwa waziri, wa mwisho akiwa wa mipango ya uchumi. Jumamosi, Julai 5, 1969, alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa, barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Nahashon Njenga alihukumiwa kunyongwa, lakini swali la nani alimtuma bado linaulizwa hadi leo. Mboya alikuwa na miaka 38.

Ukifika Rusinga, usiishie kupiga selfi nje ya ile risasi. Ingia ndani, uangalie zile picha polepole. Kisha ujiulize ni nani mtaani kwenu amekwama leo kwa sababu ya karo, na ni nani anamtafutia nauli.