Annie Oakley: Msichana wa shabaha aliyelisha familia, kisha akalipigania jina lake

Kiwayu, kule kaskazini mwa visiwa vya Lamu, ukitaja bunduki hakuna anayefikiria mchezo. Tangu uvamizi wa 2011 kwenye hoteli iliyo ng'ambo ya kisiwa hicho, mlio wa risasi huko ni habari mbaya: watalii walihepa, na wavuvi wakakaa miaka wakikatazwa bahari ya usiku. Lakini Pwani hiyo hiyo imemsifu Fumo Liyongo kwa shabaha ya upinde karne na karne. Kulenga ni kipaji, na si lazima kimwage damu.

Ndiyo maana leo namleta dada wa Marekani, Annie Oakley.

Alizaliwa 13 Agosti 1860, kaunti ya Darke, jimbo la Ohio, akaitwa Phoebe Ann Mosey. Baba alifariki 1866, mama akabaki na watoto wengi na deni la shamba. Annie akapelekwa makao ya maskini, kisha akapewa familia fulani kama kijakazi. Walimtesa vibaya. Hadi uzeeni hakuwataja jina. Aliwaita tu mbwamwitu.

Aliporudi nyumbani alishika bunduki ya marehemu babake, akaingia msituni. Ndege na sungura aliowapata aliwauza dukani Greenville, wengine wakaishia jikoni mwa hoteli za Cincinnati. Inasimuliwa kwamba kabla afikishe miaka 16 alikuwa amelipa deni lote la nyumbani. Manze, kwa umri huo wengi wetu tulikuwa bado tunaomba nauli!

Kisha akatokea Frank Butler, mpiga shabaha aliyezunguka mijini akitafuta wapinzani. Akapangiwa kasichana kafupi. Inasemekana Frank alikosa mara moja tu; Annie hakukosa hata moja. Jamaa hakununa. Alimwoa, na baadaye akawa meneja wake huku jina kubwa kwenye mabango likiwa la mkewe. Enzi hizo? Si mchezo.

Walikuwa wanalenga nini? Zamani walifunguliwa njiwa hai kutoka masandukuni. Ikaja mipira ya kioo, mingine imejazwa manyoya ili ikipasuka ionekane kama ndege. Mwaka 1880, George Ligowsky wa Cincinnati akasajili uvumbuzi wake wa sahani ya udongo, ndiposa hadi leo inaitwa njiwa wa udongo. Siku hizi hutengenezwa kwa lami na unga wa chokaa. Na kuirusha hakuhitaji mtambo mkubwa: kuna fimbo ya mkono yenye kishikio mwishoni. Unaipachika sahani, unazungusha mkono kama anayerusha kijiwe kirukeruke juu ya maji, nayo inachomoka ikijizungusha. Mzunguko huo ndio unaoituliza hewani. Mwenye bunduki ya marisau naye halengi pale sahani ilipo, anatanguliza mtutu pale itakapofika.

Annie aliijua hesabu hiyo kwa mwili. Alijiunga na maonyesho ya Buffalo Bill 1885, na 1887 akawapagawisha watu London mwaka wa jubilii ya Malkia Victoria. Sahani zikirushwa, anaruka meza, anaokota bunduki, anazivunja kabla zianguke.

Lakini vita vyake vikubwa havikuwa vya sahani. Mwaka 1903 magazeti yalichapisha kwamba Annie Oakley amefungwa kwa kuiba ili anunue kokeini. Uongo mtupu: aliyekamatwa ni mwanamke mwingine aliyejiita jina lake. Wengine wangelia, wanyamaze, wangoje upepo upite. Annie alishtaki magazeti 55. Miaka ikapita mahakamani, doo nyingi ikatumika, lakini kesi 54 zikaisha kwa ushindi au fidia. Hakutajirika, ila alirudishiwa jina.

Mwaka 1922, akiwa ameshavuka miaka 60, alisimama Pinehurst, North Carolina, akavunja sahani 100 mfululizo. Alifariki 3 Novemba 1926. Frank alimfuata siku 18 baadaye.

Sisi tunaishi enzi ambapo picha moja iliyobandikwa jina lako inafika Lamu hadi Nairobi kabla hujaamka. Annie hakuwa na simu wala wafuasi. Alikuwa na subira ya mwindaji: alijua pa kulenga, na hakushusha mtutu hadi kesi ya mwisho.