Tingatinga: Jina lililobaki kwenye picha za wengine

MUULIZE mchuuzi yeyote wa picha za tembo, chui na ndege wa rangi kali, zile zinazosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi huku kwetu Gisenyi, atakwambia hizo ni tingatinga. Sisi tuliosoma uhamishoni Tanzania tulijua kwanza kuwa tingatinga ni lile gari la kusukuma udongo. Lakini hapa linatajwa jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika. Shule aliipata kidogo. Miaka ya 1950 aliondoka kwao kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako alitunza bustani na kufanya kazi za nyumbani kwa Mwingereza mmoja. Kazi hiyo ilipokwisha alibangaiza kama wanavyobangaiza vijana wetu hapa mpakani, leo hiki kesho kile.

Mwaka 1968 ndipo aliposhika brashi. Inaelezwa kuwa aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikinunuliwa mjini, akapata wazo la kujaribu yake. Hakuwa na fedha za kununua turubai wala rangi za wasanii. Alichukua mbao laini za kiwandani zinazotumika kujengea, akazikata vipande vya mraba vya kama sentimita 60, akapaka rangi ya mafuta ile ya baiskeli.

Rangi hiyo haitaki haraka. Unapaka kwanza rangi moja ubao mzima, unaacha ikauke. Unachora mnyama katikati, unaacha tena. Madoa na mistari huja mwisho, maana rangi mbili mbichi zikigusana zinachafuana. Wanaoandika magari na magunia kwa stensili, ile karatasi ngumu iliyokatwa umbo, wanaijua sheria hiyo vizuri. Tingatinga alichora kwa mkono, lakini picha yake ilikuwa na kingo kali na umbo moja wazi, hivyo mwingine aliweza kuirudia bila shida. Hapo ndipo penye nguvu yake, na kwa maoni yangu ndipo penye hasara yake pia.

Mkewe, Agatha Mataka, aliuza picha hizo nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni walikwenda kununua mahitaji yao. Biashara ilipochangamka Tingatinga aliwaita vijana, wengi wao ndugu na jamaa wa kusini, akawafundisha. Miongoni mwao walikuwa Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata. Pamoja na hayo aliendelea kufanya kazi katika hospitali ya Muhimbili. Picha pekee hazikutosha kulisha nyumba.

Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayekimbia. Alikuwa na miaka 40 hivi. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kukaa na kuchora palepale Morogoro Stores, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika kwa jina la mwalimu wao. Simba na tembo wake wamerudiwa mara nyingi mno, na wanaorudia kwa jina lao wenyewe hawana kosa. Ndivyo fundi anavyojifunza. Tatizo ni wanaoweka sahihi ya marehemu chini ya picha waliyoichora juzi. Picha zake halisi ni chache na zina bei kubwa Ulaya na Japani. Kwa hiyo ukiletewa Tingatinga halisi kwa bei ya kitenge, rangi bado inanukia, mwenye sahihi hiyo amelala kaburini tangu 1972.