Sam Ntiro, Mchoraji wa Migombani

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu mliokwisha kumaliza masomo hapa, nataka kuwapa habari za maisha ya Bwana Sam Ntiro, mchoraji wa Tanganyika. Wako kati yetu wanaodhani kwamba picha nzuri ya rangi za mafuta ni lazima ionyeshe mambo ya Ulaya. Maisha ya mtu huyu yanatufundisha vingine.

Ntiro alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, katika nchi ya Wachagga, chini ya mlima Kilimanjaro. Wachagga hujenga nyumba zao katikati ya migomba, kama wazee wetu wa Burundi. Alipokua alikwenda Uganda kusoma katika Chuo cha Makerere. Huko alifundishwa na Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha shule ya sanaa ya chuo hicho. Bibi huyu hakutaka wanafunzi wake waige picha za Kizungu. Aliwasimulia hadithi, nao wakachora yale waliyoyaona katika fikira zao.

Mwaka 1952 Ntiro alikwenda London kusoma katika shule ya Slade, yenye sifa kubwa, akakaa huko hadi mwaka 1955. Mtu angetazamia kwamba atarudi akichora kama walimu wake wa Ulaya. Haikuwa hivyo. Aliporudi Makerere kufundisha, aliendelea kuchora mambo ya kwao: watu wadogo chini ya miti mikubwa, wengi pamoja, wakifanya kazi, wakichunga ng'ombe, wakienda karamuni. Wengine waliona kwamba uchoraji huo ni kama wa mtoto. Yeye hakuuacha. Katika picha zake mtu hatengwi na jirani zake, wala na mlima wake.

Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Jambo hilo sisi twalijua vema, maana urwarwa hauna budi kufika ukweni. Basi mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, Marekani. Hivyo arusi ya kijijini ikapata mahali pake kati ya kazi za wachoraji wakubwa wa dunia.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alitumwa Uingereza kuwa Balozi, akashika kazi hiyo hadi mwaka 1964. Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni wa Tanzania, kisha akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Hapa Gitega tunayo Makumbusho ya Taifa tangu mwaka 1955, na ndani yake zimo kazi za mikono ya wazee wetu. Waliosuka vikapu vile na kufinyanga vyungu vile walikuwa wakifanya kazi ya kila siku tu. Kwa hiyo, mwenzetu akionekana anachora migomba ya kwao katika daftari, tusimcheke kwamba anapoteza wakati. Ntiro aliichora ya kwao, hata watu wa mbali wakaja kuitazama.