Jamaa wa Kamari Aliyeweka Rehani Vito vya Bibi, Kisha Akatufunza Kuhesabu Chansi

Kama wewe ni wale wa kubeti kila wikendi, tulia hapa dakika mbili. Kuna msee wa Italia aliyeishi karibu miaka 500 iliyopita, na stori yake inakuhusu sana.

Anaitwa Girolamo Cardano. Alizaliwa Pavia mwaka wa 1501. Budake alikuwa wakili, tena beshte ya Leonardo da Vinci, lakini hakuwa amemuoa mathake. Hiyo kitu ilimfuata. Alisomea udaktari akamaliza, lakini chama cha madaktari wa Milan kikamkatalia juu alizaliwa nje ya ndoa.

Tangu chuo alikuwa anatafuta chapaa kwa dadu na karata. Alioa 1531, na mambo yakachacha. Vito vya bibi vikaenda rehani, fanicha za keja zikafuata, na familia ikaishia kwa makao ya maskini.

Lakini kichwa ya huyu jamaa haikuwa ya mchezo. Wenzake wakiomba bahati, yeye alikaa chini akahesabu. Dadu moja ina pande 6. Ukirusha mbili, kuna njia 36 za kuanguka. Jumla ya 7 inapatikana kwa njia 6. Jumla ya 12 ni njia moja tu, 6 na 6. Kwa hivyo 7 ina chansi mara sita ya 12, hata kama roho inakuambia leo ni leo.

Sasa cheki hii. Unaweka shilingi 10 kwa 12, mara 36. Umetoa 360. Kwa wastani utashinda mara moja. Ndio mchezo uwe wa haki, hiyo moja inafaa ikulipe 360. Mwenye meza akikulipa 300, yake ni 60. Hajakuibia, amehesabu tu kabla yako.

Cardano aliandika haya yote kwa kitabu cha michezo ya bahati. Humo humo akakubali kwamba anayefaidika zaidi ni yule hachezi. Alijua, na bado alicheza dadu miaka mingi.

Baadaye Milan ilimkubali, 1539, na kitabu chake cha aljebra cha 1545 kikampa jina kubwa. Lakini 1560 kijana yake alikatwa kichwa kwa kumuua bibi yake kwa sumu, na 1570 Cardano mwenyewe akashikwa na mahakama ya kanisa. Alikufa Roma 1576. Kitabu cha dadu kilichapishwa 1663, wakati Wafaransa Pascal na Fermat walikuwa washapiga hesabu kama hizo na kuchukua sifa.

Kwa hivyo msee, kabla utume ile doo ya rent, uliza swali la Cardano: kuna njia ngapi za kushinda, na ngapi za kupoteza? Ukishindwa kuhesabu, jua kuna mtu mahali ashakuhesabia.