Sultani Mkarimu wa Kilwa na Jumba Lake Lililoanguka

Katika wafalme waliotawala pwani yetu, mimi humtanguliza Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake.

Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba ujanani alisafiri kwenda Aden kutafuta elimu, kisha akahiji Makka, na nduguye Daud akamshikia kiti mpaka aliporejea. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, akamwona akitoka msikitini siku ya Ijumaa. Fakiri wa Yemen akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumbani kwa khatibu, akazivua, akampa. Alipofariki, Daud alitawala, na waombaji wakawa wakijibiwa kwamba mtoaji amekufa wala hakuacha cha kutolewa.

Nami nasema aliacha kitu: Husuni Kubwa, jumba alilolijenga juu ya jabali linaloelekea bahari. Halikukaliwa muda mrefu. Likaanguka, vichaka vikalifunika.

Katika miaka ya 1960 Neville Chittick alifukua kifusi, akakuta vyumba zaidi ya 100, birika la pembe nane, na jiwe la maandishi ya Kiarabu lenye lakabu ya Sultani, al-Malik al-Mansur. Peter Garlake, msanifu wa majengo, akapima na kuchora. Ukuta uliobaki ulimwonyesha chumba kilipokuwa. Vipande vya kuba vilimwonyesha paa lilivyokuwa. Ndipo jumba likasimama tena, japo katika karatasi.

Kwangu mimi michoro hiyo inakamilisha kisa cha yule fakiri. Kaskazini palikuwa na makao ya Sultani na ua wa kupokea wageni. Kusini, vyumba vya bidhaa vimeuzunguka ua mkubwa. Hapo twaona mali aliyoitoa ilikotoka: katika biashara, na hasa dhahabu ya Sofala. Sarafu yake ya shaba imepatikana hata katika magofu ya Zimbabwe Kuu.

Kilwa iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na tangu 2004 hadi 2014 ilihesabiwa miongoni mwa urithi ulio hatarini. Jiwe likishaliwa na bahari, au likibebwa kujengea kwingine, hakuna mchoraji atakayeweza kulisoma tena. Tuyalinde mawe hayo, kwani ndiyo atia yake ya mwisho kwetu. Mwenyezi Mungu amrehemu.